Neno "triangle": kila mahali niandike pembetatu tu?

mtafsiri_mgeni

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwenye neno moja tu ambalo limeninyima usingizi siku tatu. Natafsiri kamusi ndogo ya maarifa ya jumla kwa vijana wa sekondari, Kiingereza kwenda Kiswahili, na neno "triangle" limejitokeza sehemu kibao, kwenye hesabu, muziki, jiografia, historia, alama za barabarani, mpaka kwenye mambo ya mapenzi. Mwanzoni niliona kazi nyepesi, kila linapotokea naandika pembetatu nasonga mbele. Juzi nikarudi kujisomea kwa sauti nikakutana na sentensi yangu mwenyewe inasema "akasimama nyuma ya wenzake, akasubiri zamu yake, kisha akapiga pembetatu mara moja" na hapo hapo nikajua nimeharibu, maana hata mimi niliyeiandika sikuona ala ya muziki popote.

Sasa nauliza hivi, kwanza ni pembetatu neno moja au pembe tatu maneno mawili, maana nimeona watu wanaandika vyote viwili. Pili kwa nini tunahesabu pembe na sio pande, si zote ni tatu? Na la tatu ndo kubwa zaidi, kuna mahali ambapo pembetatu haifai kabisa hata kama Kiingereza kimesema triangle? Nataka kijana anayesoma aelewe moja kwa moja bila kulazimika kurudi kwenye Kiingereza. Asanteni sana.

chaki_na_rula

Mkuu swali zuri sana, mimi nafundisha hesabu na hili la kwanza nalisahihisha kwenye madaftari kila muhula. Yote mawili yapo ila hayana kazi moja. Ukitenganisha unahesabu pembe, ukiunganisha unataja umbo. Angalia upatanisho utaona wazi: "pembe tatu za meza hii zimevunjika" hapo ni vitu vitatu, lakini "pembetatu hii imechorwa vibaya" hapo ni kitu kimoja, na zikiwa mbili tunasema "pembetatu hizi mbili zinafanana". Yule mnyama wa kale Triceratops jina lake kwa Kigiriki ni uso wenye pembe tatu, na pembe zake ni za kweli za kichwani, ukimwandikia "mnyama mwenye pembetatu" umemchora umbo la jiometri kwenye paji la uso. Kwahiyo kwenye kamusi yako umbo liwe neno moja, mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu pembe na pande, hapa nakwambia ukweli napapenda. Pembe ya Kiswahili inafanya kazi tatu, ya ng'ombe, ya chumba, na ile tunayoipima kwa nyuzi. Mtu anaweza kudhani ni umaskini wa msamiati lakini sivyo, maana hata kona tuliyoikopa kwa Waingereza ukiifuatilia nyuma inapitia Kifaransa inaishia kwenye Kilatini cornu, na cornu ni pembe ya mnyama! Watu wa mbali kabisa na sisi waliangalia ncha ya ukuta wakaona kitu kile kile tulichokiona sisi. Wagiriki umbo hili waliliita trigonon, gonia ni pembe, Walatini triangulum, angulus ni pembe, Wajerumani wanasema Dreieck, tatu na pembe. Wote wamehesabu pembe. Na huwezi kukosea, mistari mitatu iliyonyooka ikifunga umbo lazima itoe pembe tatu tu, hesabu upande wowote unaotaka utapata jibu lile lile.

Kitu kingine ambacho wengi hatukiangalii, mraba ni Kiarabu, mzizi wake ni ule ule wa nne uliotupa robo na arobaini. Mstatili Kiarabu, duara Kiarabu. Waarabu pembetatu wanaiita muthallath, mzizi wa tatu, ndugu yake theluthi na thelathini ambazo tunazitumia kila siku. Lakini muthallath haikuingia, umbo hili tukaliunda wenyewe kwa maneno yetu mawili ya Kibantu. Ndo maana naumia nikisikia mtu anasema "traiengo" darasani wakati hapa hatukukopa hata herufi.

Alafu angalizo mbili za kitaaluma kabla sijasahau. Pembetatu sawa ni ile ya pande zote sawa, pembetatu pacha pande mbili sawa, hizo hazina shida. Ila "pembetatu mraba" inawachanganya sana wanafunzi, mtoto anauliza mwalimu itakuwaje pembetatu na mraba kwa wakati mmoja, na anauliza kitu cha maana. Andika "pembetatu yenye pembe mraba", yaani pembe moja ina nyuzi 90, imerefuka kidogo lakini haidanganyi. Na ukiandika kwamba pembe zake zikijumlishwa ni nyuzi 180 ongeza maneno "kwenye uso bapa". Chukua tufe la dunia, anza ncha ya kaskazini shuka mpaka ikweta, pinda kona ya nyuzi 90, fuata ikweta robo ya mzunguko, pinda tena 90 urudi ulikotoka, pale juu mistari yako miwili inakutana kwa 90 nyingine. Jumla 270. Ni pembetatu halali kabisa, ila imekaa juu ya mviringo.

randa_na_msumeno

Mimi si mtu wa lugha ni fundi wa mbao lakini hii mada imenigusa maana pembetatu ndo inayonilisha. Kamusi nyingi zinaishia kusema ni umbo lenye pande tatu basi, wakati kijana anatakiwa aambiwe linafanya nini. Chukua mbao nne zitengenezee fremu, kila kona msumari mmoja, sukuma kwa mkono utaona inalala kama mtu mwenye usingizi, misumari yote ipo na urefu wa mbao haujabadilika hata kidogo lakini umbo limekwenda. Sasa chukua mbao tatu fanya hivyo hivyo, sukuma, haiendi popote. Ili ilale lazima mbao moja ivunjike au msumari ung'oke. Pande nne zenye urefu ule ule zinaweza kutoa maumbo mengi, pande tatu zikishajulikana urefu umbo ni moja tu hakuna jingine, na hiyo ndo siri ya kenchi ya paa, ya daraja la chuma, ya mnara, ya fremu ya baiskeli. Angalia kenchi yoyote utaona ni pembetatu ndani ya pembetatu, na lile geti linalolegea tunalipigia mbao ya mshazari kwa sababu hiyo hiyo, tunaugawa mstatili ziwe pembetatu mbili.

Na kupata skwea, yaani kona ya nyuzi 90, kwenye msingi bado tunatumia 3, 4, 5. Kutoka kwenye kona unapima kwenye kamba moja mita 3, ile nyingine mita 4, alafu unapima mshazari kati ya alama zako mbili, ikisoma 5 kamili kona iko skwea, ikizidi imefunguka ikipungua imejifunga. Nyumba ikiwa kubwa tunaenda 6, 8, 10 maana kosa dogo linaonekana vizuri zaidi kwenye kipimo kirefu. Mwalimu hapo juu atakwambia ni kanuni ya Pythagoras, 9 jumlisha 16 ni 25 ambayo ni 5 mara 5, sisi tulifundishwa na waliotutangulia bila jina la mtu. Ila kuhusu lugha nakiri, kazini hatusemi pembetatu, tunasema kenchi na skwea na mshazari. Kwahiyo ukikuta sentensi ya ujenzi usione aibu kuandika neno la fundi.

gonga_taratibu

Nimekuja kwa ajili ya ile sentensi yako ya muziki, mimi napiga midundo kwenye kundi la orkesta. Tatizo lako haliko kwenye pembetatu, liko kwenye kitenzi. Sisi tunapiga ngoma, tunapiga gitaa, na tunapiga PEMBE, yaani tunaipuliza. Kwahiyo "akapiga pembetatu" mtu anayesikiliza bila kuona maandishi anaweza kuelewa kwamba jamaa kapuliza pembe tatu! Weka kugonga, na mara ya kwanza mwambie msomaji ni kitu gani: "akagonga chuma cha pembetatu". Baada ya hapo ukisema pembetatu peke yake ameshajua.

Na usisahau kueleza kwamba ni nondo nyembamba ya chuma iliyokunjwa mara mbili, kwahiyo kona mbili zimekunjwa na ile ya tatu imeachwa wazi, ncha hazigusani. Watu wanadhani ni mapambo au imevunjika. Uwazi ule ndo unaokifanya chuma kitetemeke kwa namna nyingi kwa pamoja, sauti inakuwa ya kumeremeta isiyoshika noti moja, ndo maana inakaa vizuri juu ya wimbo wowote bila kugombana na ufunguo wake. Inaning'inizwa kwa uzi mwembamba, ukiishika kwa kiganja inakufa pale pale.

Wanaodharau chombo hiki nawaambia kuhusu mtunzi wa muziki Franz Liszt, konseto yake ya kwanza ya piano ilipigwa kwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1855, na aliipa pembetatu nafasi ya mbele kabisa, inasikika peke yake kama kengele ndogo. Mhakiki wa Vienna Eduard Hanslick aliichukia mpaka akaibandika jina "konseto ya pembetatu". Alikusudia kuitukana lakini leo wengi wetu tunaikumbuka kwa sababu ya kale kachuma. Kugonga mara moja kwa wakati sahihi ni kazi ngumu, unahesabu vipimo themanini umekaa kimya na ukikosea hakuna wa kukuficha.

msomaji_kimya

Naona mnaikuza sana hii. Andika pembetatu kote, msomaji atajua kutokana na muktadha. Waingereza wenyewe wana neno moja tu kwa vitu vyote hivyo na hawapotei.

mtafsiri_mgeni

@msomaji_kimya nimekuelewa ndugu yangu ila Mwingereza ameanza kulisikia neno hilo kwenye muziki na barabarani tangu utotoni, huyu kijana wangu wengi wao wamelisikia kwenye jiometri tu. Nikiandika kote hivyo hivyo atakuwa anatafuta nyuzi 180 baharini kwenye Pembetatu ya Bermuda. Na @gonga_taratibu asante sana, hilo la kupiga pembe sikuliona kabisa! Nabadilisha leo leo.

ramani_ukutani

Kwenye jiografia pembetatu inakaa vizuri, kwa sababu ukiulizwa kona ziko wapi unaweza kuonyesha kwa kidole. Pembetatu ya Bermuda kona zake kwa kawaida zinatajwa kuwa Miami, kisiwa cha Bermuda na San Juan ya Puerto Rico. Lakini nakuomba uandike kwa uangalifu kijana asije akadhani ni mahali palipopimwa na serikali fulani. Jina lilienezwa na mwandishi Vincent Gaddis kwenye makala ya jarida mwaka 1964, mamlaka za Marekani hazilitambui kama jina rasmi na hakuna mipaka iliyokubaliwa, kila mwandishi anaivuta anavyotaka. Matukio yenyewe yapo, tarehe 5 Desemba 1945 ndege tano za jeshi la maji la Marekani zilizokuwa kwenye mazoezi zilipotea na watu 14, na ndege iliyotumwa kuwatafuta ikapotea nayo na watu 13. Hao walikuwa watu na familia zao, sipendi tukiwaandika kama mazingaombwe. Bahari ile ina msongamano mkubwa wa meli na ndege, ina vimbunga na ina mkondo wa Ghuba wenye nguvu, na haijathibitishwa kwamba inapoteza vyombo kupita kawaida ukilinganisha na sehemu nyingine zenye pilika kama hizo.

Kuna pembetatu nyingine za ramani zinazotajwa sana, Pembetatu ya Ilemi ambako mipaka ya Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia inakutana kwa mzozo, Pembetatu ya Hala'ib inayodaiwa na Misri na Sudan, Pembetatu ya Afar ambako mabamba matatu ya dunia yanaachana, na Pembetatu ya Dhahabu ya Myanmar, Laos na Thailand iliyojulikana kwa kasumba. Zote pembetatu bila shida. Ila ukikutana na Triangle ya Zimbabwe kwenye mashamba ya miwa usiiguse, hilo ni jina la mji, liache lilivyo.

Na delta je? Wagiriki herufi yao D kubwa ni pembetatu, Δ, na mdomo wa mto Nile ulipoonekana una umbo lile wakauita delta. Kwahiyo kila unaposema delta ya mto umeshasema pembetatu bila kujua, hapo usitafsiri kitu.

kitabu_cha_bibi

Shikamooni wakubwa. Mimi naomba kuongelea historia kidogo maana hapo ndo neno hili linaniuma. Vitabu vinaandika "biashara ya pembetatu" au "biashara ya pembe tatu", na ukisoma haraka unaona mchoro mzuri wenye mishale mitatu, vitambaa, bunduki na pombe kutoka Ulaya kuja Afrika, alafu mshale wa pili kwenda Amerika, alafu sukari, pamba na tumbaku kurudi Ulaya. Kwenye huo mshale wa pili ndo kuna watu! Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa kwenye zile meli ndani ya karne zaidi ya tatu, na karibu milioni 2 walifia baharini kabla hawajaona nchi kavu. Mshale wa vitambaa na mshale wa watu vinachorwa kwa wino ule ule na unene ule ule.

Sisemi uache neno, vijana watalikuta kwenye mitihani. Nasema usiliache peke yake, andika "biashara ya utumwa ya pembetatu" kila mahali hata kama Kiingereza hakijataja utumwa kwenye kichwa cha habari. Na ongeza sentensi moja kwamba safari nyingi hazikufuata hata huo mchoro, meli nyingi za Brazil zilikuwa zinaenda Afrika na kurudi Brazil moja kwa moja bila kugusa Ulaya, na Brazil ndiyo nchi iliyopokea watumwa wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Kwahiyo pembetatu haiko sahihi hata kwa safari zenyewe.

mtafsiri_mgeni

Marahaba @kitabu_cha_bibi. Nimesoma maneno yako mara mbili. Kweli niliandika "biashara ya pembetatu" na nikapita tu. Narekebisha, na ile ya Brazil naiweka.

mama_insha

Mwanangu mtafsiri, kwenye mapenzi nakuomba uiache kabisa pembetatu. Nimesahihisha insha miaka mingi na "pembetatu ya mapenzi" inanisumbua kila nikiiona. Chora mwenyewe uone. Kuna Fulani anapendwa na watu wawili, huo ni mstari mmoja na mstari wa pili. Mstari wa tatu uko wapi? Hao wawili wanaompenda hawapendani, mara nyingi hata hawajuani, na wakijuana ni vita. Kwahiyo umbo lenyewe liko wazi upande mmoja, kama kile chuma cha kijana wa orkesta hapo juu. Kiswahili kina namna zake tena zinaeleza vizuri zaidi nani kamkosea nani. Ukisema mtu ana mchepuko tumeelewa, ukisema wanagombania mpenzi mmoja tumeelewa, ukitaka upole sema penzi la watu watatu. Pembetatu inawaweka wote sawa kama vile hakuna aliyevunja ahadi.

Ila ukimkuta mwanasaikolojia Robert Sternberg, yeye mwaka 1986 alitoa nadharia kwamba mapenzi yana sehemu tatu, ukaribu wa moyo, ashiki, na ahadi ya kudumu, na akaichora kweli kama pembetatu. Hapo ni ya kwake, iache. Vivyo hivyo Stephen Karpman mwaka 1968 na pembetatu yake ya watu wanaogombana, mmoja mtesaji, mmoja mwathirika, mmoja mwokozi, na wanabadilishana nafasi mpaka mwokozi anageuka mtesaji. Niliposoma hiyo niliwaona watu wa ukoo wangu wote!

Na ile pembetatu ya moto wanayofundishwa wazimamoto, joto, kitu cha kuungua na oksijeni, ukiondoa kimoja moto umekufa, mimi ningeiita mafiga matatu ya moto. Wahenga walishasema jifya moja haliinjiki chungu. Toa figa moja chungu kimeanguka, ndo maana yenyewe kabisa.

chaki_na_rula

Mama heshima zako, kwenye mapenzi nakuunga mkono mia kwa mia, lakini kwenye moto naomba nitofautiane kidogo. Ule mchoro umebandikwa ukutani sehemu nyingi na ni pembetatu inayoonekana kwa macho, kila upande umeandikwa kitu chake. Kijana akisoma mafiga alafu akakuta pembetatu kwenye bango atachanganyikiwa. Mimi ningeandika pembetatu ya moto, alafu kwenye maelezo ndo niweke mafiga.

Ila mafiga nayapenda kwa sababu nyingine, yanafundisha jiometri bila chaki. Kwa nini mafiga ni matatu na sio manne? Kwa sababu nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja siku zote zinakaa kwenye uso bapa mmoja, hata ardhi iwe na mabonde chungu kitagusa yote matatu. Ya nne ikizidi urefu kidogo tu chungu kinacheza. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki kwa sababu hiyo, na michoro ya gemu za kompyuta, sura za watu, milima, magari, yote kwa kawaida imeshonwa kwa vipembetatu maelfu kwa maelfu, kwani pembetatu haiwezi kujikunja.

mama_insha

Sawa mwalimu, kwa bango nimekubali. Mafiga yaingie kwenye maelezo.

kamba_na_darubini

Mmesahau wapima ardhi. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe mbili za kwenye ncha zake unaweza kukokotoa pande nyingine bila kuzitembelea. Yaani mlima ulio ng'ambo ya mto unaupima ukiwa umesimama huku. Mholanzi Willebrord Snellius alipima nchi yake kwa mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1600, na upimaji mkubwa wa India ulioanza 1802 ulisambaza pembetatu kutoka kusini mpaka Himalaya, kila upande uliopatikana ukawa msingi wa pembetatu inayofuata. Ndipo mahesabu ya Radhanath Sikdar na wenzake yakaonyesha kwamba kilele kimoja, ambacho leo tunakiita Everest, ndicho kirefu kuliko vyote, na 1856 ikatangazwa ni futi 29,002, kama mita 8,840. Kipimo cha 2020 kinasema mita 8,848.86. Tofauti haifiki mita 10, na hao walikuwa mbali na mlima hawajaukanyaga!

Kazi hiyo iite "upimaji kwa pembetatu". Lakini angalia mtego, maandishi mengi yanasema simu yako inajua ulipo kwa njia hiyo hiyo, sio kweli. GPS haipimi pembe, inapima umbali kutoka kwenye setilaiti zisizopungua nne. Hapo andika "kwa kupima umbali" utakuwa sahihi kuliko Kiingereza ulichopewa.

mipira_kumi_na_tano

Na kwenye puli, ule mchezo wa mipira ya mezani, ile fremu ya kupangia mipira mnaiacha? Mstari wa kwanza mpira 1, wa pili 2, 3, 4, 5, jumla 15 inajaa kamili bila nafasi kubaki. 1, 3, 6, 10, 15, 21, hizo wataalamu wanaziita namba za pembetatu. Nimecheza miaka kabla sijajua kwamba 15 haikuchaguliwa tu.

mtafsiri_mgeni

Wakuu mmenisaidia kupita nilivyotarajia, na mama nimeyatoa yale ya mapenzi, nimeandika penzi la watu watatu na sentensi imepumua. Ya alama za barabarani nimeiandika hivi, mtaniambia: "alama ya tahadhari ya pembetatu, ncha ikiwa juu" na ile ya kumpisha mwenzako "pembetatu iliyogeuzwa, ncha ikiwa chini". Na ile anayoweka dereva nyuma ya gari lililoharibika nimeandika "pembetatu ya kuakisi mwanga". Limebaki moja dogo, kitu chenye umbo hilo nisemeje, kitambaa cha kipembetatu au kitambaa cha pembetatu?

chaki_na_rula

Kitambaa cha pembetatu. Ile ki- ukiiweka mbele inageuka ama namna ya kufanya kitu ama udogo, kama nilivyoandika vipembetatu vya kompyuta hapo juu nikimaanisha vidogo. Kwenye alama za barabarani umepatia, ncha juu tahadhari ncha chini pisha, na mkataba wa kimataifa wa Vienna wa 1968 unazitambua hivyo. Ya kuakisi mwanga iko sawa.

randa_na_msumeno

Ukimaliza tuwekee hapa ukurasa wa herufi P tuusome, mimi nasubiri kuona kama kenchi imeingia.